Mswala Katikati ya Mkondo wa Pemba

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Zanzibar ilikuwa ikitafuta watalii kwa pupa. Bei ya karafuu, zao lililoilisha Pemba kwa vizazi, ilikuwa imeanguka katika soko la dunia, na kila ufuko mweupe ukaanza kutazamwa kwa jicho la biashara. Misali ilikuwa miongoni mwa visiwa vilivyotamaniwa. Ni kisiwa kisichofika kilomita ya mraba moja, magharibi ya Pemba, chenye msitu, mapango, fukwe ambako kasa hupanda kutaga, na mwamba wa matumbawe unaoshuka ghafla kwenye kilindi cha mkondo. Hakikuwa na kijiji. Aliyekiona kwenye ramani aliona mahali pa hoteli pasipo na mtu wa kuhamishwa.

Watu walikuwako, ila si kwa namna anayoijua mpima ardhi. Wavuvi wapatao 1,600 kutoka shehia nyingi za Pemba waliitegemea Misali, na ukiwahesabu wake zao, watoto na wachuuzi wa samaki, riziki ya watu zaidi ya elfu kumi ilipitia hapo. Wengine walipiga dago: wakasimamisha vibanda, wakavua kwa siku kadhaa, wakakausha samaki na kurudi nyumbani. Wageni kutoka bara na pwani ya Kenya nao walifika. Kisiwa kilikuwa cha kila mtu, na ofisini cha kila mtu huandikwa kuwa hakina mwenyewe.

Kilikuwa pia na mwenyewe wa aina nyingine. Wazee husimulia kwamba Nabii Khidhri, ambaye Wapemba humwita Hadhara, alifika huko akataka mswala wa kusalia. Mswala haukupatikana. Akakitazama kisiwa kilivyochongoka kuelekea kibla, akasema basi hicho hicho ndicho mswala wake. Mwanazuoni wa hadithi atauliza isnadi ya kisa hiki, wala hataipata. Watu waliokwenda kuomba dua katika mapango ya Misali hawakuingoja.

Mpango wa kujenga hoteli ulipoletwa, wavuvi waliupinga, wakaungwa mkono na watu wa uhifadhi, nao ukafa. Mwaka 1998 Misali na bahari inayoizunguka, zaidi kidogo ya kilomita za mraba 20, vilitangazwa kuwa eneo la hifadhi. Sehemu ndogo ya magharibi ilifungwa kabisa. Kwingineko wavuvi waliruhusiwa kuendelea kwa zana halali: dema, mishipi, nyavu zisizokokotwa juu ya miamba. Wavuvi wenyewe wakapata chama cha kusimamia mambo hayo, na shirika la CARE likashika kazi ya kuwasaidia.

Tangazo la serikali lilikuwa jepesi kuandika kuliko kutii. Tukumbuke hali ya Pemba wakati ule. Katika uchaguzi wa Oktoba 1995 chama cha CUF kilichukua majimbo yote 21 ya Pemba, na CCM ikatangazwa mshindi wa urais wa Zanzibar kwa tofauti isiyofika hata asilimia moja. Wafadhili wakubwa wakasitisha misaada. Vijijini, sheha, ambaye huteuliwa na serikali, alikuwa mtu ambaye wengi wa majirani zake hawakumwamini. Karatasi yenye muhuri wa serikali ikikataza mtu kuvua pale alipovua babu yake ilisomwa kama siasa, hata ilipokuwa na haki.

Na kwa kweli ilikuwa na haki. Baruti ilikwisha kuwa balaa ya pwani nzima ya Tanzania. Sheria iliikataza tangu 1970, lakini haikuacha kulipuka. Mlipuko hupasua mfuko wa hewa ulio tumboni mwa samaki, mkubwa na mchanga pamoja. Wengine huelea, wengi huzama bila kuokotwa. Mwamba unaobaki ni kifusi, na matumbawe hayawezi kushika kwenye kifusi kinachoviringishwa na mawimbi. Palikuwa pia na kigumi, ambapo miamba hupigwa kwa miti ili samaki wakimbilie wavuni, na utupa, sumu ya mmea inayolewesha samaki katika vidimbwi. Mvuvi akielezwa kwamba anaimaliza bahari, alikuwa na jibu lililozoeleka pwani kote: samaki huletwa na Mungu, na riziki ya Mungu haiishi.

Jibu hilo ni la kidini. Afisa uvuvi mwenye takwimu zake hakuwa na la kulijibu. Aliyeweza kulijibu ni mtu wa kanzu, tena kwa kuonyesha kwamba lina upungufu katika dini yenyewe. Hapo ndipo wahifadhi wa Misali, ambao mpaka wakati huo walizungumza lugha ya ikolojia, walipoanza kutafuta maulamaa.

Waliyempata nje ya visiwa alikuwa Fazlun Khalid, mzaliwa wa Ceylon, nchi inayoitwa sasa Sri Lanka, aliyehamia Uingereza katika miaka ya 1950 na kuhudumu katika jeshi la anga la huko. Mwaka 1994 alianzisha huko Birmingham taasisi ya Kiislamu ya ikolojia na mazingira, IFEES. Hakuwa sheikh wa chuo. Alikuwa mtu aliyefanya kazi ya serikali kwa miaka mingi, kisha akarudi kwenye Qurani na swali ambalo wengi wa rika lake hawakuliuliza: Uislamu unasema nini juu ya ardhi inayoharibika?

Hakuwa wa kwanza kuuliza. Mwaka 1966 mwanafalsafa wa Iran, Seyyed Hossein Nasr, alitoa mihadhara katika Chuo Kikuu cha Chicago akisema kwamba machafuko ya mazingira ni machafuko ya roho, na mihadhara hiyo ikatoka kitabu mwaka 1968. Ulimwengu wa Kiislamu, uliokuwa ndio kwanza unajitoa katika ukoloni na una njaa ya viwanda, haukumsikiliza sana. Mwaka 1983 wanazuoni wanne wa Jeddah waliandika, kwa ajili ya idara ya mazingira ya Saudi Arabia na shirika la IUCN, risala juu ya misingi ya Kiislamu ya kuhifadhi maumbile. Na mwaka 1986, Septemba, shirika la WWF lilipoadhimisha miaka 25 yake huko Assisi, Italia, viongozi wa dini tano walikutana kutoa matamko yao. La Waislamu lilitolewa na Abdullah Omar Nasseef, katibu mkuu wa Rabita ya Makka. Ujumbe ulikuwa mmoja kote: mwanadamu ni khalifa, ardhi ni amana, na mwenye amana ataulizwa.

Maneno hayo ni kweli tupu, na kila msikiti huyakubali. Udhaifu wake ni kwamba yanasema mwanadamu, kana kwamba wanadamu wote wameshika amana sawasawa.

Fiqhi ya zamani ilikuwa kali zaidi ya matamko hayo. Wanazuoni, Imam Shafii miongoni mwao, ambaye madhehebu yake ndiyo ya watu wengi wa pwani yetu, wanaeleza desturi ya wakubwa wa Uarabuni kabla ya Uislamu. Bwana mwenye nguvu alipofika penye malisho mazuri alipanda na mbwa wake mahali pa juu, akambwekesha. Sauti ilipokoma ndipo mpaka wake ulipokoma. Ndani ya mpaka huo hakulisha mwingine, na nje yake yeye alilisha pamoja na watu wote. Ardhi hiyo iliitwa hima. Mtume (S.A.W.) aliifuta desturi hiyo. Hima ikabaki kwa ajili ya Mungu na Mtume wake tu, yaani kwa maslaha ya umma, naye akatenga bonde la Naqii kwa farasi wa jeshi la Waislamu. Miti ya Madina pia ikaharamishwa kukatwa, na mawindo yake kuwindwa.

Kilichofuata katika ukhalifa wa Sayyidna Umar (R.A.) kimo katika Sahihi Bukhari, na ninaona ajabu kwamba hakitajwi kila siku. Umar alimweka mtumishi wake, Hunayy, kusimamia hima. Alimwonya juu ya dua ya aliyedhulumiwa, akamwamuru amruhusu aingie mwenye vijingamia vichache na vikondoo vichache. Kisha akamtajia majina ya wa kuwazuia: Abdurrahman bin Auf na Uthman bin Affan. Hawa hawakuwa waovu. Ni masahaba wakubwa, wameahidiwa Pepo. Ila walikuwa matajiri. Hoja ya Umar ilikuwa kwamba mifugo ya wawili hao ikifa, wana mashamba na mitende ya kurudia. Maskini mifugo yake ikifa, atakuja na watoto wake kumlilia khalifa, na khalifa hataweza kumtupa.

Hima, basi, haikuwa ua wa kulinda majani tu. Ilikuwa na mlango, na mlango ulikuwa na mtu anayetazama nani ana kingine cha kula.

Kule kutafuta maulamaa kulizaa semina ya Misali, iliyofanyika mwaka 1999. Maimamu, walimu wa madrasa, wavuvi na maafisa walikaa pamoja wakapitia aya zinazoeleza bahari kuwa neema, aya ya 41 ya Suratu Rrum juu ya uharibifu wa nchi kavu na baharini kwa mikono ya watu, na makatazo ya israfu. Jibu la riziki likapata jibu lake: riziki haiishi, lakini aliyepewa chakula akakipiga baruti hawezi kulalamika kwamba hakupewa. Baadaye ulitoka mwongozo wa walimu wa kufundishia mazingira kwa misingi ya Kiislamu, wenye Misali ndani yake, na somo likaingia katika khutba za Ijumaa.

Katika masimulizi ya mashirika ya nje, kisa hiki kimepigwa pasi mpaka kimenyooka. Semina imefanyika, baruti imekoma; serikali ilishindwa kwa miaka, dini imeweza kwa siku chache. Magazeti ya Ulaya na Marekani yalikipenda hivyo, na wafadhili pia. Mimi nakipokea nusu. Ni kweli kwamba khutba ilifika mahali ambapo boti ya doria haikufika, kwa sababu imamu ni mtu wa kijijini, huzika na huozesha, na hakuteuliwa na yeyote serikalini. Lakini wavuvi wa Misali hawakungoja semina ili waipende bahari yao. Hao hao ndio waliokataa hoteli. Waliyemhitaji ni wa kuwapa hoja ya kumkabili mvuvi mwenzao, na hasa mvuvi mgeni, bila kuonekana vibaraka wa serikali. Dini iliwapa hoja hiyo. Na wageni wasiosali nao msikiti mmoja waliendelea kuhitaji doria.

Hata hivyo, mwaka ambao Misali ilitangazwa hifadhi ulikuwa na jambo jingine, na jambo hilo ndilo lililobadilisha hesabu nzima.

Katika miezi ya kwanza ya 1998, wakati wa El Niño kubwa, maji ya Bahari ya Hindi yalipanda joto kupita kawaida yake. Matumbawe ni wanyama wadogo wanaoishi na vijimea ndani ya miili yao. Vijimea hivyo huwapa chakula na rangi. Joto likizidi hata kwa nyuzi moja au mbili kwa wiki kadhaa, matumbawe huvitoa vijimea, hupauka, na joto lisipopungua hufa. Kuanzia Kenya hadi Shelisheli na Maldivi miamba ilikuwa myeupe. Misali ilikuwa miongoni mwa iliyopigwa vibaya. Mwamba ambao wavuvi walikuwa wakiombwa wasiuguse uliuawa na kitu ambacho hakikuja kwa ngalawa.

Hapa khutba ya Misali ikabaki na pengo. Ilimwambia mwenye dema kwamba ataulizwa siku ya Kiyama juu ya mwamba, na ni sawa ataulizwa. Lakini joto la bahari huongezwa na hewa ya kaboni, na Mtanzania wa kawaida hutoa kwa mwaka chini ya nusu tani ya hewa hiyo. Mkaazi wa Qatar hutoa zaidi ya tani 30. Mmarekani hukaribia tani 15. Kwa miaka mingi elimu ya mazingira ya Kiislamu ilihubiriwa kwa mwenye vijingamia vichache, kwa sababu yeye ndiye aliyekubali kukaa kwenye jamvi na kusikiliza. Abdurrahman bin Auf na Uthman bin Affan wa zama hizi hawakualikwa. Sisemi kwamba Khalid na wenzake hawakulijua hilo. Maandishi yake, hasa kitabu alichokitoa mwaka 2019, yanaulaumu mfumo wa fedha na viwanda kuliko mvuvi yeyote. Ila semina hufanyika pale penye mradi, na mradi ulikuwa Pemba.

Mabadiliko yalikuja Agosti 2015, Istanbul. IFEES, shirika la Islamic Relief na jumuiya ya GreenFaith waliwakusanya wanazuoni, wanasayansi na viongozi wapatao 60 kutoka nchi 20 hivi. Miezi miwili kabla, Papa Francis alikuwa ametoa waraka wake wa mazingira, na mkutano wa tabianchi wa Paris ulikuwa unakuja mwishoni mwa mwaka. Azimio la Kiislamu juu ya Mabadiliko ya Tabianchi lilianza kama yalivyoanza yale ya Assisi, kwa khalifa na amana na mizani, kisha likafanya lile la Umar kwa Hunayy: likataja wa kuzuiwa. Nchi tajiri na nchi zinazochimba mafuta zilitakiwa zitangulie kuachana na gesi joto, mapema iwezekanavyo na isipite katikati ya karne hii, na ziwasaidie wasio na uwezo kwa ukarimu. Mashirika ya biashara na wenye fedha pia waliambiwa waache kuendesha uchumi kana kwamba dunia haina mwisho.

Kutaja nchi za mafuta katika waraka wa Kiislamu si jambo dogo. Misikiti mingi ya dunia, ya pwani yetu ikiwamo, imejengwa au kukarabatiwa kwa fedha za Ghuba. Visima, madrasa, futari za Ramadhani, ufadhili wa vijana wanaokwenda kusoma Madina, vyote vina harufu hiyo. Ni rahisi kumkemea mvuvi kwa kigumi chake. Kumkemea anayelipa bili ya umeme wa msikiti kunataka kifua.

Baada ya Istanbul mambo yalienda kwa mwendo usio sawa. Moroko, iliyoupokea mkutano wa tabianchi mwaka 2016 huko Marrakech, ilitangaza kuweka taa za umeme mdogo na paneli za jua katika misikiti 600. Indonesia ilikuwa imeshatangulia: baraza la maulamaa la huko, MUI, lilitoa fatwa namba 4 ya mwaka 2014 juu ya kulinda wanyama walio hatarini, na mwaka 2016 likaharamisha uchomaji wa misitu. Hizo ni kazi njema. Nazo pia, ukizitazama vizuri, zinamgusa zaidi mkulima na mwindaji kuliko mwenye kampuni.

Karibu na kwetu, pigano kubwa la haki ya tabianchi katika mji wa Kiislamu lilikuwa Lamu, na halikuamuliwa kwa fatwa. Kampuni ya Amu Power ilitaka kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, megawati zaidi ya 1,000, karibu na mji ambao UNESCO iliuweka katika urithi wa dunia mwaka 2001. Watu wa Lamu, chini ya mwavuli wa Save Lamu, walikwenda kwenye baraza la rufaa la mazingira la Kenya. Tarehe 26 Juni 2019 baraza likafuta leseni ya mtambo: wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na tathmini ya athari ilikuwa na mapungufu, hata upande wa tabianchi. Nakitaja kisa hiki kwa sababu wapo wanaoamini kwamba Mwislamu wa pwani hasikii ila akisomewa aya. Watu wa Lamu walisikia harufu ya makaa, wakatafuta mawakili.

Mwaka 2023 mkutano wa tabianchi ulifanyika Dubai, na aliyeuongoza alikuwa pia mkuu wa kampuni ya mafuta ya Abu Dhabi. Kwa mara ya kwanza dini zilipewa banda lao rasmi ndani ya mkutano wa aina hiyo, na kwa mara ya kwanza makubaliano ya mwisho yalitaja kuondoka taratibu katika nishati ya visukuku. Waliotaka neno kali zaidi hawakulipata. Mwezi Februari 2024, Nairobi, katika baraza la mazingira la Umoja wa Mataifa, ukazinduliwa waraka mrefu unaoitwa Al-Mizan, ulioandikwa na wanazuoni kadhaa, Khalid miongoni mwao, na kupitishwa mikononi mwa taasisi nyingi za Kiislamu kabla ya kutoka. Hima imo ndani yake, na haki ya maskini imo.

Pemba nako mambo yamesonga. Mwaka 2005 serikali ilitangaza hifadhi kubwa ya Mkondo wa Pemba, PECCA, ikaimeza Misali, na sauti ya chama cha wavuvi ikapungua mbele ya idara. Miamba iliyoanza kurudi baada ya 1998 ilipigwa tena na joto la 2016. Kisiwa Panza, kusini, watu wamekubaliana kufunga maeneo ya pweza kwa miezi kadhaa ili akue, wakayafungua siku moja wote pamoja, na wanapata pweza mzito zaidi. Watu hao hao maji ya chumvi yamewaingilia mashambani, penye mpunga na minazi, na hakuna wanachoweza kukifunga ili yarudi.

Nchi za mafuta nazo zimejibu Istanbul, kila moja kwa namna yake. Falme za Kiarabu zimejiwekea mwaka 2050 kuwa wa kufikia sifuri halisi ya gesi joto. Saudi Arabia, yenye Makka na Madina, na yenye bonde la Naqii lenyewe, ilitangaza Oktoba 2021 kwamba itafikia sifuri mwaka 2060, miaka kumi baada ya ule ambao maulamaa wa Istanbul waliuweka kuwa wa mwisho. Hesabu hiyo ni ya moshi unaotoka ndani ya mipaka yake tu. Mapipa yanayopakiwa melini na kwenda kuchomwa kwingine hayamo.